Theluji Kwenye Bustani ya Wifi

Kaka yangu Belaid aliporudi kutoka Ufaransa kuja kukaa moja kwa moja, majirani walitoka kuangalia mizigo ikishushwa. Walitegemea friji, au televisheni pana kama mlango, maana ndivyo wanavyorudi wengine. Kilichoteremshwa kwanza kutoka juu ya gari kilikuwa bunda la plastiki ya kupitisha mwanga, nene kama gogo, limefungwa kamba huku na huku. Likafuata fungu la mabomba membamba ya maji. Mwisho kabisa, sanduku moja la nguo.

"Ni nini hii, kaka?" nikamuuliza.

"Nyumba," akasema huku akitabasamu. "Nyumba ya mboga."

Wifi yangu Ferruja alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani. Aliliangalia lile bunda, akaniangalia mimi, kisha akageuka kwenda jikoni kupika kahawa.

Belaid alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha matairi huko Ufaransa kwa miaka thelathini na kitu. Kiwanda kilifungwa kila Agosti, naye kila Agosti alikuja kwetu mlimani. Mwezi mmoja, basi. Agosti kwetu ni mwezi wa harusi na tini mbichi, watu wanakula uani mpaka jua linazama, kila mtu ni mchangamfu. Kwa hiyo bustani ya mkewe aliijua kwa nyanya na pilipili tu. Na mke mwenyewe alimjua kwa Agosti tu, mke aliyepaka hina na kucheka na wageni. Ferruja wa Januari, mwenye soksi mbili mbili na pua nyekundu, anayezungumza na maharage yake peke yake kama vile ni wajukuu, hakuwa amewahi kumwona. Ferruja naye alikuwa na mume wa Agosti. Binti yao Tilelli alishaolewa zamani, yuko Algiers. Sasa hawa wawili walikuwa wanaingia kwenye baridi yao ya kwanza pamoja, na umri umeshakwenda.

Mimi nimeolewa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Dirisha la jiko langu linatazama bustani ya wifi. Mume wangu Akli hunitania kwamba ndiyo maana sijawahi kulalamika umeme ukikatika.

Ile bustani Ferruja aliilima mwenyewe tangu alipokuwa bi harusi. Iko nyuma ya nyumba, inashuka kwa ngazi ngazi za mawe. Mvua za kwanza zikishapita alipanda maharage mapana, akafuatia na tanipu nyeupe zenye mashavu ya zambarau, karoti, spinachi, kabichi, vitunguu vya majani na kotimiri. Halafu taga, ile mboga yetu ya miiba ambayo tunakula mashina yake. Hiyo aliifunga kamba kama anavyofungwa mtoto mchanga, akaifukia udongo hadi shingoni ili mashina yawe meupe na laini. Baridi ikizidi alitandaza mabua na majivu ya jikoni. Basi. Na baridi zote hizo, hata ile mbaya iliyoua mizeituni ya watu, sufuria yake haikukosa kitu kibichi, na yangu pia, kwa sababu yeye hakuwahi kuchuma bila kunipitishia fungu juu ya ukuta.

Wiki ya kwanza Belaid alikaa kimya, anatembea bustanini mikono nyuma kama mkaguzi. Wiki ya pili akaanza.

"Mbona tanipu zimebanana hivi? Kule kwetu huwa tunaziachia nafasi."

Au, "Kule kwetu saladi tunakula mpaka Januari."

Ferruja akaja kwangu, kakunja uso. "Wifi, hebu niambie. Kule kwetu ni wapi? Maana mimi nilidhani kwetu ni hapa."

Nikajaribu kumtetea kaka yangu. Ukweli ni kwamba huko Ufaransa alikuwa na kijishamba kando ya reli, katika vile vipande ambavyo mji ule huwagawia wafanyakazi. Jirani yake wa shamba, mzee mmoja Mreno, alimfundisha kulima chini ya plastiki. Jumapili zote za baridi alikuwa pale. Alipokuwa akinisimulia habari za yule Mreno, sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsimulia ndugu yake. Nikaelewa kwamba lile shamba ndilo lililokuwa mkewe wa miezi mingine kumi na mmoja, lakini hilo sikulisema kwa Ferruja.

Ukaja msimu wa zeituni. Siku moja Ferruja alishinda kwenye kinu cha kukamulia. Aliporudi jioni na madumu yake ya mafuta, alikuta safu moja ya maharage mapana imeng'olewa pale ukutani mwa nyumba, na mahali pake kumesimama handaki la plastiki, mabomba yamekunjwa kama mbavu, refu kiasi cha mtu kuingia akiwa ameinama. Spinachi yake nusu ilikuwa ndani, na kando yake miche ya saladi.

Alinigongea dirisha. "Wifi, njoo uone. Kaka yako amezivisha mboga zangu sanda."

"Sanda gani?" Belaid alikuwa papo hapo, mikono ina udongo, uso umejaa fahari. "Hilo ni blanketi. Humo ndani joto kama la hamamu."

"Wifi, mwambie kaka yako mboga zangu hazijaomba kwenda hamamu."

"Malha, mwambie wifi yako angoje Januari, ataniomba saladi."

"Mwambie nitakula mawe kwanza."

"Ambianeni wenyewe!" nikasema. "Mmesimama bega kwa bega."

Hawakuambiana. Tangu siku ile wakawa wanazungumza kupitia kwangu. Mwambie kuni zimekwisha. Mwambie soksi zake ziko kwenye kamba. Nilikuwa simu ya nyumba ile, na simu haina mapumziko. Akli alicheka mpaka akachoka kucheka.

Na saladi ikaota. Nisidanganye, iliota vizuri sana. Desemba, wakati huku nje majani yamekunjamana kwa jalidi, Belaid aliniletea kichwa cha saladi laini kama kitambaa cha hariri. Ferruja aliikuta mezani kwangu. Akaibonyeza kwa kidole.

"Ina maji mno," akasema.

Nikageuka kutoa chungu motoni. Nilipogeuka tena, jani moja halikuwepo na wifi alikuwa anatafuna huku akitazama dirishani.

Nikajua mambo yatakaa sawa. Lakini siku chache baadaye Belaid alikuja jikoni kwangu, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, akazungusha kofia mikononi muda mrefu.

"Malha, meli ya kwenda Marseille, mwezi wa pili huwa na nafasi?"

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji mgongoni. "Wewe unaitakia nini?"

"Nauliza tu." Akaweka kofia gotini. "Miaka yote ile kule nilikuwa nawaza kurudi nyumbani. Sasa niko nyumbani, sijui pa kuketi. Nikigusa sufuria, nimekosea. Nikigusa jembe, nimekosea. Nikienda barazani kwa wanaume, wenzangu niliocheza nao wengi wamekufa, na waliobaki wanazungumza habari za watu nisiowajua. Labda mimi ni mtu wa kutembelea tu."

"Kaka, mpe muda."

"Nampa. Sijui kama yeye ananitaka, dada yangu. Au amezoea hivi alivyo."

Kuna watu wanaweza kukaa na neno kama hilo. Mimi siwezi. Mchana ule ule nilikwenda kwa Ferruja bustanini, nikamwambia kila kitu. Alikuwa anapalilia. Hakuinua kichwa.

"Mlango haujafungwa," akasema. "Aliingia mwenyewe, atatoka mwenyewe."

Akaendelea kupalilia, tena kwa kasi. Nilisimama pale nikamtazama anang'oa magugu, na pamoja na magugu akang'oa safu nzima ya kotimiri nzuri, mbichi, akairusha nyuma yake bila kuona.

Theluji ikatukuta wiki ya Yennayer, mwaka wetu mpya. Ilianza mchana, chembe nyepesi kama unga unaochekechwa. Jioni umeme ukakatika. Asubuhi tulipoamka, dunia ilikuwa imenyamaza kabisa, ukuta kati yangu na wifi umegeuka mto mrefu mweupe. Nilikuwa nawasha jiko niliposikia kishindo upande wa pili, kama mtu amemwaga gunia la kokoto. Sikushtuka. Mapaa ya vigae hutema theluji yakilemewa, ni sauti tunayoijua.

Haikupita hata muda wa chai kuchemka, Ferruja akasukuma mlango wetu. Alikuwa amevaa viatu vya mjini vya Belaid, vimemzidi, vimejaa theluji, na kichwa wazi. Wifi yangu, kichwa wazi mbele ya Akli.

"Ameondoka," akasema.

"Nani?"

"Nani mwingine! Nimeamka kitanda kitupu. Koti halipo. Mabuti yangu ya mpira kayachukua yeye, akaniachia hivi viatu vyake vya sherehe." Akaviangalia miguuni mwake kama hajui vimefikaje pale. "Amekwenda kupanda gari. Amekwenda, wifi."

"Gari gani litapanda mlima leo?" Akli akasema. "Hata mbwa hawajatoka."

"Atashuka kwa miguu mpaka barabara kuu. Wewe humjui. Kichwa kigumu yule."

"Na sanduku lake?" nikauliza.

Akajibu kwa sauti ndogo, "Sikuangalia. Niliogopa kuangalia."

Nikamketisha, nikamfunga kitambaa changu. Akli alivaa makoti yake, akasema atafungua njia kwanza, halafu atakwenda kuuliza kwa majirani wa chini kama kuna aliyemwona shemeji. Akatoka. Mara akarudi, ametia kichwa tu mlangoni.

"Beleshi liko wapi?"

Beleshi letu ni moja kwa nyumba zote mbili, huegemezwa pale ukuta unapoishia. Halikuwepo.

"Mtu anayekimbilia meli," Akli akasema polepole, "anachukua beleshi la nini?"

Tulitoka wote watatu. Theluji bado ilikuwa inaanguka kidogo kidogo. Kwenye mlango wa mbele wa nyumba ya kaka yangu hapakuwa na alama yoyote isipokuwa nyayo za Ferruja mwenyewe akija kwetu. Tukazunguka nyuma. Pale zilikuwepo, nyayo za mabuti, zimeanza kujaa, zinatoka mlango wa jiko na kwenda moja kwa moja bustanini, kandokando ya ukuta. Halafu zikaisha. Mbele yake palikuwa na lundo la theluji lenye kimo cha kifua. Nikainua macho. Paa lote upande ule lilikuwa tupu, vigae vyekundu vinang'aa maji. Mabomba mawili ya Belaid yalichomoza kwenye lundo kama vidole.

Ferruja alipiga magoti pale pale.

"Nilijua," akasema. "Wifi, nilijua. Paa hutema hapa. Kila mwaka hutema hapa, ndiyo maana sijengi kitu ukutani. Niliona amejenga hapa hapa nikanyamaza. Nikasema acha ajifunze."

"Inuka," Akli akamwambia. "Inuka tuchimbe."

Ferruja alikamata jembe lake, akapiga mara moja, mara mbili, kisha akalitupa mbali kwa kuogopa kumkata, akaanza kuchimba kwa mikono. Mimi nilichota kwa karai. Akli alifukua kwa ubao. Nilisikia pumzi zetu tu, na Ferruja akirudia neno moja, Belaid, Belaid, yeye ambaye sijawahi kumsikia akitaja jina la mumewe. Theluji ya kuanguka kutoka juu hushikana, inakuwa nzito kama udongo wa mfinyanzi. Vidole vyangu nikaacha kuvisikia. Niliwaza namna nitakavyompigia simu Tilelli, maneno gani nitaanza nayo, na nikajichukia kwa kuwaza hivyo.

Ndipo Akli akainua mkono. "Nyamazeni."

Kutoka chini, mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, tukasikia sauti. Sikuelewa neno. Ferruja alielewa.

"Yuko hai!" akapiga kelele. "Yuko hai, anatukana!"

Tulichimba kama wendawazimu. Tukafika kwenye plastiki. Ilikuwa imetandazika juu ya mbavu za mabomba, nyingine zimelala, nyingine bado zimesimama, na katikati ilikuwa imevimba kwa chini, kuna kitu kinaisukuma. Ferruja akachomoa kisu chake cha kuchumia mboga kutoka mfuko wa aproni, akaichana ile plastiki kutoka mwanzo hadi mwisho, plastiki iliyovuka bahari. Akatokea kaka yangu. Alikuwa amekaa chini katikati ya saladi, magoti kifuani, bomba moja limelalia mguu wake, nywele zimejaa maji, jani la spinachi limegandia shavuni. Midomo ilikuwa ya bluu.

Alipepesa macho kwa mwanga. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Polepole," akasema, meno yanagongana. "Mnakanyaga vitunguu."

Ferruja alimpiga kofi la bega. Akampiga la pili. Halafu akamkumbatia shingoni kwa nguvu, mbele yetu, mpaka Akli akageuka kutazama mlima.

"Nilidhani umekwenda Ufaransa!" alikuwa anamfokea sikioni. "Nilidhani umekwenda Ufaransa na mabuti yangu!"

"Na mabuti haya?" Belaid akasema. "Yananibana vidole, mama Tilelli. Nisingefika hata kwenye kinu."

Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka kulia, na nikaketi kwenye theluji nikaacha vyote viwili viendelee. Akli aliinua lile bomba, tukamtoa, tukambeba mimi na wifi kila mmoja upande wake. Mguu wa kushoto hakuweza kuukanyagia.

Ndani tulimvua nguo zilizolowa, tukamfunga mablanketi ya sufu, tukamsugua miguu kwa mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto. Rangi ikamrudia kidogo kidogo, kwanza masikio. Ferruja alikuwa anakwenda na kurudi, anatia kuni, anamimina mchuzi, anagomba. Hakunihitaji kupeleka neno hata moja.

"Ulikwenda kufanya nini nje, mtu mzima wewe?"

"Niliamka nikasikia plastiki inalia. Nikasema niikung'ute theluji kabla haijavunjika. Maana ikivunjika, nikawaza, huyu atanicheka mpaka Agosti." Akanywa mchuzi. "Nikaingia ndani kuegemeza bomba la katikati kwa beleshi. Hapo ndipo mbingu ikaanguka."

"Hukupiga kelele?"

"Nilipiga mpaka sauti ikaniisha. Halafu nikawaza nitulie nipumue kidogo kidogo. Nikala saladi."

"Ulikula saladi!"

"Ilikuwa mbele ya mdomo wangu."

Ferruja aliweka kijiko chini. Akaketi ukingoni mwa godoro. "Mimi nilijua kuhusu lile paa," akasema. "Nilijua linatema pale. Sikukuambia."

Nilitaka kutoka, lakini Akli alikuwa ameziba mlango akikausha soksi zake.

Belaid alimtazama mkewe. Sidhani aliwahi kumtazama vile Agosti yoyote. "Ungeniambia," akasema, "ningesema kule kwetu mapaa hayatemi. Unafikiri ningekusikia?"

"Hapana."

"Basi. Nipe mkate."

Barabara ilifungwa kwa siku nyingi. Mguu ulivimba kama kibuyu, ukawa mweusi kwenye kifundo, na hapakuwa na namna ya kumfikisha kwa daktari. Hiyo ilikuwa hofu yetu iliyobaki. Ferruja aliufunga kwa vitambaa na vijiti, akamhamishia godoro jikoni, karibu na moto na chini ya dirisha, na hapo kaka yangu akaiona bustani ya mkewe kwa mara ya kwanza ikifanya kazi yake ya baridi. Nami niliwaona wote wawili kutoka kwenye dirisha langu.

Belaid alimwona akipangusa theluji kwa ufagio, akiinua mabua, na chini ya mabua tanipu zimekaa kavu, hazina habari. Akamwona akichimba karoti zilizopigwa na baridi, na alipompa moja aitafune mbichi alishangaa utamu wake. Taga ilitoka kwenye udongo nyeupe kama mshumaa. Lakini maharage mapana yalikuwa yamelala chini yote, mashina yamelegea, meusi meusi.

"Maharage yamekwisha," Belaid akasema kwa huzuni kupitia dirishani. "Pole sana, mama Tilelli. Yamekufa yote."

"Nani kakuambia? Yamelala."

"Yamelala vipi? Tazama yalivyo."

"Wewe ngoja jua."

Jua likatoka siku ya pili yake. Kufikia adhuhuri yale mashina yalikuwa yameanza kujikunja kwenda juu, moja moja, kama watu wanaoamka wakiwa hawataki. Kesho yake yalikuwa yamesimama. Belaid alipaza sauti mpaka nikadhani mguu umemzidi. Kumbe alikuwa anawaita watu waje kuona maharage.

"Kila mwaka hufanya hivyo," Ferruja akamwambia. "Wewe ulikuwa kiwandani."

Aliyasema bila mwiba. Belaid naye akajibu bila mwiba, "Kweli. Nilikuwa kiwandani."

Malori ya mboga hayakuweza kupanda, na duka la kijiji halikuwa na chochote kibichi. Watu walikuwa na ngano, walikuwa na mafuta na tini kavu, lakini ulimi huchoka. Wakaanza kuja na vikapu vyao. Ferruja hakumrudisha mtu. Belaid, pale godoroni, akawa ndiye wa kupokea wageni, anawaeleza tanipu za mkewe kana kwamba alizipanda yeye, na wale wazee aliokuwa hajui azungumze nao nini barazani walikaa naye muda mrefu, kwa sababu kila mmoja alitaka kusikia habari ya mtu aliyezikwa akala saladi.

Siku ya Yennayer tulikula pamoja nyumbani kwao. Kuskusi ya kuku, na juu yake taga, tanipu, karoti, kabichi, maharage makavu, vyote vilivyotakiwa viwepo mwaka uwe mzuri. Mwisho Ferruja alileta bakuli la saladi. Majani mengine yalikuwa yamepondeka, lakini aliyachagua moja moja, akayatia mafuta na chumvi. Akaliweka katikati ya meza.

"Hii ni ya baba Tilelli," akawatangazia wageni. "Ina maji kidogo, lakini inalika."

Belaid akainamisha kichwa kwenye sahani yake. Nilimwona akiuma midomo asitabasamu.

Barabara ilipofunguliwa, Akli aliwasindikiza kwa gari la kwanza mpaka zahanati ya mjini. Mimi nilibaki. Nilifagia uani, nikafagia tena, nikapika chakula ambacho hakuna aliyekihitaji. Nilikuwa nimejaribu kutolitazama jambo la mguu, lakini mtu wa umri ule, mfupa ukishavunjika na kuachwa siku zote hizo, nilijua habari yake. Na mtu asiyeweza kutembea hawezi kuishi kwenye mlima wetu. Angerudishwa tu kule kwenye mji ulio tambarare.

Alasiri nikasikia honi. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Akli alishuka kwanza, akauona uso wangu, akaanza kutikisa kichwa kutoka mbali.

"Haujavunjika!" akasema. "Umeteguka tu. Daktari kasema aliyemfunga vile vijiti alifunga vizuri."

Ferruja alikuwa anashuka nyuma yake kwa shida, maana mikono ilikuwa imejaa. Ameshika vifungu viwili vya miche ya vitunguu iliyofungwa kwa gazeti lenye maji. Belaid akafuata, mkono begani mwa mkewe, mkono mwingine na mkongojo mpya.

"Mbichi hiyo miche?" nikauliza, maana nilihitaji kusema kitu.

"Muulize yeye," Ferruja akasema. "Kazunguka soko zima na mguu mmoja, kila muuzaji anamwambia miche yake haifai."

"Ilikuwa haifai," Belaid akasema. "Hii inafaa. Ipandwe kesho, udongo bado una unyevu."

"Kesho? Na mguu huo?"

"Nitakaa kwenye kigoda, wewe utoboe mashimo, mimi nitie."

"Utatia kichwa chini miguu juu."

"Mwanamke, nimepanda vitunguu kabla hujui kitunguu ni nini."

"Kwenye shamba la Mreno!"

Waliingia ndani wakibishana, polepole, kwa sababu ya mkongojo na kwa sababu njia ilikuwa na matope. Akli aliuchukua ule mwiko mkononi mwangu, akaniambia kitu kinaungua. Kilikuwa kinaungua kweli. Niliipua sufuria, nikafungua dirisha moshi utoke, nikakaa kitako. Mabega yangu yalikuwa yameshuka. Sikuwa nimejua kwamba wiki zote zile nilikuwa nimeyapandisha hadi masikioni.